Panda Mjohoro, Halafu Uukate

Nataka kuutetea mjohoro, na utetezi wangu wote umesimama juu ya jambo moja: mti huu upandwe ili ukatwe. Najua kauli hiyo inawakera watu. Tangu serikali ya Kenya itangaze mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na hasa tangu ile sikukuu ya tarehe 13 Novemba 2023 tulipoambiwa nchi nzima tutoke na majembe, ukitaja panga mbele ya mti unaonekana adui. Mimi ni mtu wa miti. Nimepanda, nimemwagilia, nimepigana na mbuzi wa jirani. Na nilichokiona kwetu Kisauni, hapa Mombasa, ni kwamba miche mingi iliyopandwa kwa picha na hotuba ilikufa kabla kaskazi haijaisha, wala haikuuawa na panga. Ilikufa kwa kukosa mwenyewe. Mti usiosubiriwa na mtu haumwagiliwi na mtu.

Mjohoro husubiriwa. Kuna anayetaka kuni, kuna anayetaka boriti, kuna anayetaka kivuli cha kuweka kiti saa tisa za mchana. Na hata asiyetaka lolote katika hayo, maua yake yatamfanya asimame.

Siusemi mkrismasi, ule wa maua mekundu unaowaka mwisho wa mwaka, ingawa baadhi ya watu huuita nao mjohoro. Nausema ule wa maua ya manjano. Jina lake la kitaalamu ni Senna siamea, na ni vizuri ulijue kwa sababu ukienda kununua mbegu huenda ukakuta mfuko umeandikwa Cassia siamea, jina la zamani lililotolewa na mtaalamu wa mimea Lamarck mwaka 1785. Wataalamu Irwin na Barneby waliuhamishia kwenye kundi la Senna mwaka 1982, lakini vitabu vingi na wauzaji wengi hawakuhama nao. Asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, kuanzia India na Sri Lanka hadi Thailand. Kule Thailand watu hula majani machanga na vitumba vya maua, baada ya kuvichemsha na kumwaga maji yake machungu. Hapa kwetu sijaona anayeula, na sishauri mtu ajaribu bila kufunzwa, maana majani hayo yana sumu inayoua nguruwe. Ng'ombe na mbuzi wao huyala bila wasiwasi, na hilo nitalirudia.

Sogea karibu na mjohoro uliochanua, asubuhi kabla jua halijakaza. Maua hutoka mashada mashada kwenye ncha za matawi, yamesimama wima, na shada kubwa hupita dhiraa. Yale ya chini hufunguka kwanza, ya juu yangali vitumba. Kila ua lina petali tano, na katikati vimo vijiti vya chavua ambavyo havilingani urefu. Chavua haiko nje ambapo mdudu yeyote anaweza kuikumba. Imefungiwa ndani, na mlango wake ni kitobo kidogo kwenye ncha ya kijiti. Sasa msubiri yule nyuki mweusi mkubwa, anayetoboa boriti za mapaa yetu. Akifika hukumbatia vile vijiti kwa miguu yote, halafu anatetemesha mwili. Utasikia sauti ya mvumo wake inabadilika, inakuwa nyembamba na kali, na chavua inamwagika kupitia vile vitobo hadi kifuani kwake. Ua halina maji matamu ya kumpa, kwa hiyo hiyo chavua ndiyo malipo yake yote. Nimewaonyesha watoto wa mtaani jambo hili, na tangu hapo kuna wawili watatu ambao hawawapigi tena nyuki hao kwa kandambili.

Basi mti wenye uzuri huo unaukataje?

Niliwahi kumuuliza ami yangu swali hilo hilo. Shamba letu la familia liko Utange, na yeye ndiye aliyepanda mstari wa mijohoro mpakani. Nilimkuta na panga, ameshautia alama mti uliojaa maua, nikamwambia, "Ami, mbona waukata na umechanua hivi?" Hakusimamisha kazi. "Mwanangu, huu niliupanda nije niukate. Ule mwembe ndio niliopanda nije nimwachie mtu." Kisha akaniagiza kamba.

Alichokijua ami ni kwamba mjohoro haufi ukikatwa. Kisiki kinachipua, na machipukizi hayo hukua kwa kasi kuliko mche mpya, kwa sababu mizizi iko tayari chini na kazi yake ni kupandisha maji tu. Kwenye udongo mzuri mche hufika kama mita tano kwa miaka mitatu. Ukiuvuna kwa kuni na miti ya kujengea kati ya mwaka wa tano na wa saba, halafu ukatunza machipukizi, unavuna tena bila kurudi kitaluni. Ami hakati mstari mzima kwa pamoja. Anakata mmoja mmoja kwa zamu, kwa hiyo mpakani kwake kila msimu kuna mti ulio uchi, kuna unaochipua na kuna unaochanua.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kutaka miti ya aina hii huku pwani, nayo ni mikoko. Nyumba zetu za udongo na makuti zimejengwa miaka mingi kwa vipimo ambavyo kila fundi anavijua: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hivyo ni vipimo vya miti ya mikoko. Mazio ni kama sentimita 8 hadi 11 kwa unene, boriti inafika 13 na nusu, nguzo ni hapo kwenda juu. Lakini mkoko unakua polepole, na ukizunguka hori la Tudor wakati wa maji kupwa utaona wazi mahali watu walipokata kwa kuni na kwa kuuza hadi pakabaki tope. Kila boriti inayotoka shambani ni boriti ambayo haikutoka horini. Mvinje umeshalishika soko hilo kuanzia Kwale hadi Kilifi, na ni haki yake, maana unanyooka kuliko mjohoro. Ila mjohoro unauzidi mvinje kwa kuchipua baada ya panga, na kwa kivuli.

Kwa kuni sijui kama una mpinzani hapa mjini. Mti wake ni mzito na moto wake unakaa. Kwenye harusi na hitima, pilau inapopikwa kwa masufuria makubwa uwani, wapishi wetu wanaujua. Sharti moja: upasuliwe na ukauke hasa. Mjohoro mbichi una moshi mwingi unaoliza jikoni kote.

Mbao ni habari nyingine, na inataka subira. Mti uliokatwa mdogo ni mweupe karibu wote, na ile sehemu nyeupe mchwa wanaipenda. Ukiitumia kwa nguzo za ua, ichome kidogo au ipake oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Mti ulioachwa ukakomaa ndio unaofanya moyo mweusi. Nilimpelekea fundi seremala mmoja wa Mlaleo kipande cha mjohoro wa miaka mingi. Alipokipiga randa kikatokea kiini cha kahawia iliyokolea, na ndani yake michirizi ya rangi ya mchanga. Akakigeuza geuza juani.

"Hii yataka msumeno mkali, bwana," akaniambia. "Na yakutia chafya siku nzima."

Ni kweli, vumbi lake linawasha macho na pua, na mtu asilifanyie kazi bila kujifunga kitambaa. Lakini fundi huyo alitengeneza mbuzi ya kukunia nazi kutokana na kipande hicho, akakisugua kwa msasa na mafuta, na kikang'aa vizuri kabisa. Mchwa hawakigusi kiini hicho kwa urahisi. Sidai kwamba kitachukua nafasi ya mvule na msaji wa milango ya Mji wa Kale. Kwa vigoda, mipini na meza ndogo, sioni kwa nini tununue mbao za kutoka mbali.

Sasa udongo, kwa sababu Mombasa si ardhi ya aina moja. Ukanda wa kando ya bahari, kuanzia Nyali kwenda Bamburi na Shanzu, umekalia mwamba wa matumbawe, na mahali pengine unachimba shubiri moja jembe linagonga jiwe. Ukivuka kwenda Changamwe na Jomvu unakutana na mfinyanzi unaotuamisha maji. Mjohoro haupendi hali yoyote kati ya hizo mbili. Unataka udongo wenye kina, unaopitisha maji, usio na chumvi. Mvua yetu inautosha, maana Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kwenye mwamba mtupu usiulazimishe, panda mvinje.

Ushahidi wa hilo uko Bamburi. René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, alianza mwaka 1971 kurudisha uhai kwenye machimbo yaliyoachwa. Mle ndani hapakuwa na udongo, ni jiwe na maji ya chumvichumvi. Alijaribu aina 26 za miti, zikabaki tatu: mvinje, mnazi, na damas wa Somalia. Mvinje uliweza kwa sababu mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, hadi Haller alipoleta majongoo wakayatafuna na kuyageuza mboji. Leo ukipita chini ya miti ile, pale panapoitwa Haller Park, ni vigumu kuamini kwamba palikuwa shimo. Mimi ninachokitoa pale ni kwamba huyu mtu aliuliza mahali kwanza, kisha akauliza mti.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wauza miche hawalisemi. Mjohoro ni wa jamii ya kunde, kwa hiyo watu hudhani kwamba nao unarutubisha udongo kwa mizizi kama kunde, au kama miti ya lusina na gilirisidia. Haufanyi hivyo. Hauna vile vifundo kwenye mizizi. Naitrojeni iliyo kwenye majani yake imetoka ardhini mwako, na itarudi ardhini pale tu utakapoyakata majani na kuyatandaza. Ukiuacha usimame karibu na mahindi bila kuukata, unakula chakula cha mahindi, unakunywa maji yake, na juu unayanyima jua.

Hili lilijaribiwa kwa makini. Watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa miti mashambani, kule Machakos walipanda mistari ya mjohoro kukingama mteremko, katikati wakapanda mahindi. Upande wa udongo matokeo yalikuwa mazuri sana: maji ya mvua yalipunguza mbio na udongo ulibaki shambani. Upande wa mahindi ilikuwa vita, hasa mwaka wa mvua haba, maana mizizi ya mjohoro iligombea maji na mahindi na mara nyingi mahindi ndiyo yaliyoshindwa. Karibu na kwetu, kituo cha utafiti cha Mtwapa kiliwahi kufanya majaribio kama hayo kwa lusina na mahindi, na pale pia ilionekana kwamba kivuli cha mti ni lazima kidhibitiwe kwa panga. Wakulima wengi walisikia habari ya kupanda miti katikati ya mimea wakaona ni kupanda tu. Panga ni nusu ya kilimo hicho.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye shamba Utange, Mtongwe au Shika Adabu ni huu. Usiweke mjohoro katikati ya mahindi. Uweke mpakani, mita mbili hadi tatu kati ya mti na mti, na uache nafasi ya mita kadhaa kabla ya mstari wa kwanza wa mimea. Nafasi hiyo si hasara, ndiyo njia yako ya kupita na toroli. Kila mwaka kabla ya mvua za masika, chimba mtaro mwembamba upande wa shamba ukate mizizi inayokuja juu juu. Majani unayopogoa yatandaze chini ya mihogo, migomba na minazi michanga. Huoza polepole kuliko ya gilirisidia, na kwa hali ya hewa yetu huo ni uzuri: linapofika jua la Januari na Februari udongo bado umefunikwa, na magugu hayapati pa kutokea. Ukitaka mbolea ya haraka, panda gilirisidia ndani na mjohoro nje. Nimeona mashamba yanayofanya hivyo na yamependeza.

Kupata miche si kazi ngumu. Maganda ya mjohoro ni bapa na marefu, yakikauka hugeuka kahawia na kupasuka. Yachume kabla hayajapasuka. Mbegu ni ndogo, zinang'aa, na kilo moja ina mbegu zaidi ya 30,000, kwa hiyo mtu anayekuuzia kilo nzima kwa shamba la robo ekari anakuonea. Ganda la mbegu ni gumu. Chemsha maji, yaepue, timbukiza mbegu na uziache humo hadi asubuhi. Zilizovimba zipande, zilizobaki kavu zirudie. Panda kwenye mifuko yenye udongo, mchanga na samadi iliyokwisha kuoza. Vimche vikianza kutoa majani, kagua kila asubuhi, maana kuna vipepeo vyeupe vyenye kijani-njano kidogo vinavyotaga juu yake, na viwavi vyao vya kijani vinaweza kumaliza mche mzima kabla ya adhuhuri. Kwenye mti mkubwa viache, havina madhara ya kutisha. Kwenye mche viokote kwa mkono.

Kuna tahadhari ambayo ningeomba kila mtu wa kitalu aibandike ukutani. Yupo ndugu wa mjohoro, Senna spectabilis, mwenye maua ya manjano ya kuvutia zaidi, na watu huuza miche yake kwa jina lile lile. Huo umekuwa balaa Afrika Mashariki. Huko Mahale nchini Tanzania na Budongo nchini Uganda umevamia msitu wa asili na kuuziba. Utautambua hivi: jani dogo la mjohoro ni la mviringo kwenye ncha na lina kijipengo, la spectabilis limechongoka. Ganda la mjohoro ni bapa, la spectabilis ni duara kama mrija. Ukikuta miche yenye majani yaliyochongoka, mrudishie mwenyewe.

Mche ukifika kimo cha shubiri moja na nusu hivi, subiri mvua ishike hasa, mwezi wa nne au wa tano, halafu uhamishie shambani. Zungushia miba. Mbuzi wa Kisauni hawana kwao, na mjohoro mchanga ni karamu.

Mjini mambo yanabadilika. Viwanja vingi vya Nyali na Bamburi sasa vimepangwa miashoki iliyonyooka kama askari kwenye gwaride, haina kivuli cha mtu mmoja, na nje ya geti bodaboda wamejibanza kwenye ukuta wakichomwa na jua. Mjohoro mmoja nje ya geti ungewatosha. Mahali pake ni mbali na msingi wa nyumba, mbali na tangi la maji taka na mabomba, na kamwe si chini ya nyaya za umeme, maana utakatwa na watu wa umeme kwa namna ambayo hutaipenda. Upande wa magharibi wa nyumba ndio bora, unazuia jua la alasiri. Na mti ulioko kando ya barabara mara nyingi ni wa kaunti, hata kama uliupanda wewe, kwa hiyo uombe ruhusa kabla ya kuupandia msumeno. Ukitaka kusafirisha mbao au kuni za kuuza kutoka shambani, kibali cha KFS, shirika la misitu la serikali, kitafutwe mapema. Marufuku ya ukataji ya Februari 2018 ilihusu misitu ya umma na ya jamii, lakini tangu wakati huo mzigo wowote wa miti barabarani huulizwa, na mwenye kibali hapotezi siku yake kizuizini.

Namna ya kukata: mwisho wa kaskazi, mwezi wa tatu, mti ukiwa umetulia na mvua iko njiani. Kata mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki. Kama hakuna mbuzi, kata kimo cha goti. Kama wapo, kata juu ya kichwa cha mtu, machipukizi yawe mbali na midomo yao. Baada ya miezi michache kisiki kitakuwa kichaka. Chagua machipukizi mawili hadi manne yaliyo imara na yaliyopeana nafasi, mengine yote yatoe, hata kama roho inauma. Ukiyaacha yote utapata fito nyingi zisizofaa kitu na hutaiona boriti.

Kamati ya msikiti wa mtaani kwetu imeniomba niwapangie uwanja wa nyuma, ulio na udongo mzuri wa kina. Nimewaambia tuweke mijohoro miwili upande wa magharibi wa madrasa, tusiikate kamwe, iwe kivuli cha watoto. Kwenye ukuta wa nyuma, tukiacha mita za kutosha, tupande mstari wa kukata kwa zamu, na kuni zake ziwe za maulidi na hitima, tuache kununua gunia gunia. Mzee mmoja wa kamati alitaka tuipande yote iwe ya kivuli, tukabishana kwa muda mrefu, mwishowe akakubali mstari baada ya kuhesabu gharama ya kuni za maulidi yaliyopita. Maalim yeye aliuliza kama maua hayatachafua uwanja. Yatamwagika kila asubuhi msimu wote, nikamwambia, na wanafunzi watayafagia hadi kwenye mipapai iliyo karibu na birika la udhu. Mbegu tayari zimelowekwa.